Aliyemkasirikia Mtani

Viti vya kukodi vililetwa asubuhi kwa gari la kirikuu, vikapangwa chini ya turubai mbele ya nyumba ya Mzee, hapa Mwembesongo, na mpaka alasiri vingi vilikuwa bado na vumbi la stoo. Mwenye viti alipita kuuliza kama tutaviongezea siku. Akavitazama, akanitazama mimi niliyekaa peke yangu mstari wa nyuma, akasema kwa upole, "Kaka, mkitaka nitavipunguza."

Wakati huohuo simu yangu ilikuwa haitulii. Kwenye makundi ya WhatsApp watu walikuwa wanamlilia Mzee. Walituma picha yake ya ujana, ile yenye ndevu na shati la kitenge. Wahadhiri waliandika aya ndefu. Watu wa Mwanza, Mbeya, hata walio nje ya nchi, waliandika kwamba taifa limepoteza kichwa. Nilisoma zote. Niliyaona hata makosa yao ya alama za uandishi, maana siwezi kuyaacha yapite, halafu nikainua macho nikaviona vile viti.

Niseme kwanza mimi ni nani kwake, kwa sababu hata pale msibani niliulizwa mara nyingi. Si ndugu yake. Sikuwa mwanafunzi wake. Chuo sijawahi kusoma, nilifeli kidato cha nne. Nina steshenari ndogo, natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi na kadi za mwaliko. Yeye alikuwa mhadhiri mstaafu, mwandishi wa vitabu vidogo vya siasa, mtu ambaye sauti yake iliwahi kusikika sana redioni akizungumzia umma na maisha ya pamoja. Siku moja aliingia dukani na maandishi ya mkono akitaka kuchapiwa. Nilipomkabidhi kazi, alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akaniuliza, "Huu mkato umeuweka wewe?" Nikasema ndiyo, shikamoo. Akasema, "Marahaba. Uache. Umenizidi."

Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda kwenye baraza yake. Alinipa vitabu, nikavisoma na kamusi pembeni. Kila nilichonacho kichwani kilipita kwenye baraza ile. Sitaki mtu asome haya yanayofuata akadhani nimelisahau hilo.

Lakini nilimjua kabla ya siku ya mkato. Nilikuwa nimeshasoma makala yake moja, iliyowahi pia kusomwa redioni, kuhusu misiba. Alieleza kijiji cha mlimani wakati wa palizi. Mtu anakufa. Majembe yanawekwa chini. Watu wanazika, wanakaa matanga, wanakula akiba ya mfiwa, na magugu yanapanda juu ya mahindi. Kiangazi njaa inaingia, na njaa ile inaua mwingine, na majembe yanawekwa chini tena. Aliuliza: nani anafaidika na machozi haya ya mkulima? Alisema kumpenda marehemu ni kulilima shamba lake. Na yeye mwenyewe aliishi hivyo. Mazishini hakwenda. Akifiwa jirani, alituma mchango, akafunga mlango, akaandika.

Nilikuwa kijana niliposoma makala ile, na niliisoma kama mtu anayesoma barua ya msamaha. Mimi watu wananitisha. Si utani, na si aibu ya kawaida. Kabla ya kuingia mahali penye watu wengi napanga salamu kichwani: nitaanza na nani, shikamoo kwanza au pole kwanza, mkono nitaushika kwa muda gani, nikikosea nitarekebisha vipi. Msibani ni pabaya kuliko kote, kwa sababu kosa la msibani watu hulikumbuka. Basi hapa palikuwa na mtu mwenye akili kuliko wote niliowajua, anasema kutokwenda ni msimamo. Sikuwa mwoga tena. Nilikuwa mtu wa fikra.

Mama yangu, aliyeko Mlali, hakuwahi kuielewa fikra hiyo. Kila mara nilipotuma rambirambi kwa simu alinijibu neno lilelile: "Pesa haibebi jeneza, mwanangu."

Jioni ya siku ile ya viti, binti yake Mzee, mtu mzima aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alikuja kukaa karibu yangu. Alikuwa amechoka. "Kesho tunampeleka kwao, Matombo," alisema. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Sisi alitulea kwa barua. Utasema neno kaburini."

Nilikubali, maana sijui kukataa. Nikaanza kuandika, nikafuta, nikaandika. Nilitaka kusema jambo moja tu: kwamba huyu alikuwa mtu wa watu. Kila nilipoifikia sentensi hiyo nilikumbuka viti, nikaifuta. Bila sentensi hiyo sikuwa na hotuba. Na kusema kweli, bila sentensi hiyo sikujua na mimi ni nani, maana nilikuwa nimejijenga juu yake.

Tulipanda kesho yake na gari la maiti na kosta moja ambayo haikujaa. Baada ya Mkuyuni barabara ilikuwa tope, na mara mbili tulishuka kusukuma. Ilikuwa masika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na kila palipofunguka niliona watu mashambani, wameinama katika mahindi, na wachache waliinua kichwa kuliangalia gari.

Waluguru huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kwa hiyo tulifikia kwa dada yake Mzee, mwanamke mwembamba ambaye binti alimwita shangazi, na mimi nikamwita hivyohivyo. Uwanja wake ulikuwa na watu wachache. Padre hakuja, maana Mzee hakuwa katika jumuiya yoyote ya kanisa kwa miaka mingi, na aliyekubali kuja ni katekista. Nilimuuliza Shangazi kama wengine watafika kesho.

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha. "Nimepita nyumba kwa nyumba mwenyewe," alisema. "Wamenijibu vizuri tu, kwa adabu. Wamesema wana palizi."

Nilidhani ni udhuru. Akanitazama kuona kama nimeelewa.

"Si alisema redioni? Tusiache majembe kwa ajili ya maiti. Wanamtii."

Mwanamke mwingine aliyekuwa anaosha sufuria alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. "Wana nidhamu hao! Ndugu yako kafundisha wakafundishika."

"Na kaburi?" niliuliza.

"Watani wanachimba. Mtani hana palizi."

Hili inabidi nilieleze kwa wasiotoka upande wetu. Kila ukoo huku milimani una ukoo mwingine ulio mtani wake. Msiba ukitokea, watani huja hata kama hawakuitwa. Wao huchimba, huosha vyombo, huzuia jeneza njiani, humwigiza marehemu alivyotembea na alivyolewa, humsema mfiwa mbele ya watu. Wanakucheka ukiwa na machozi usoni. Na wewe una wajibu mmoja tu: usikasirike. Ukimkasirikia mtani, umekata kamba ambayo siku ya mwisho ndiyo itakayokushusha.

Shangazi alimenya ndizi nyingine mbili ndipo akaendelea, na sauti yake ilishuka kidogo.

"Kaka yangu aliwakasirikia. Mama yetu alipokufa, alikuja kutoka chuo. Viatu vinang'aa, kitabu kwapani. Mpaka leo sijui kitabu kile kilikuwa cha nini, labda hakujua mikono aiweke wapi. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Wageni wakija alikuwa anajificha kwenye ghala. Sasa watani wakamwona. Kulikuwa na binti mmoja, mtundu, akachukua gome la mgomba akaliweka kwapani, akawa anatembea nyuma yake. Akisimama, anasimama. Akikohoa, anakohoa. Watu wamekufa kwa kicheko. Mama yupo ndani ya jeneza, hata yeye angecheka."

"Na yeye?"

"Alimsukuma yule binti akaanguka. Akasema, 'Washenzi nyie.' Akaondoka kabla hatujafukia. Huyo ndiye niliyemrudisha leo."

Niliuliza makala ile aliiandika lini. Lilikuwa swali la mtu wa steshenari, najua. Shangazi alisema hajui mambo ya makala, ila redioni walimsikia mwaka huohuo, kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa.

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba, kwenye miti ya mdalasini, peke yangu. Nilikuwa na ile makala kichwani, aya kwa aya, naijua kwa moyo. Nilianza kuisoma upya na safari hii nikaona viatu vinavyong'aa katikati yake. Magugu, njaa, hesabu ya siku za kazi, yote yalikuwa pale na yote yalikuwa na mantiki. Lakini chini yake alikuwapo kijana aliyechekwa siku ya kumzika mama yake, asijue kwamba kicheko kile kilikuwa mkono wa watu ulionyooshwa kwake. Au alijua, akashindwa kuupokea.

Kilichoniuma ni kingine. Jumamosi moja niliwahi kumwambia kwamba naogopa watu. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote, na ilinichukua wiki nyingi kupata maneno. Alikoroga chai yake, akasema, "Hiyo ni dalili ya akili." Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Pale nyuma ya nyumba ya dada yake niliielewa sentensi hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anajua hasa ninachosema. Angeweza kuniambia habari ya gome la mgomba. Angeweza kusema, mimi pia, na angalia imenifikisha wapi. Alinipa sifa badala yake, nami nikaichukua kama mkate.

Asubuhi tulimpeleka. Kaburi lilikuwa chini ya mfenesi, karibu na la mama yake. Tulikuwa wachache mno hata jeneza lilipita mabegani mwa watu walewale, na nilipoingia kubeba niliingia vibaya, nikamkanyaga katekista. Niliomba radhi mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Ndipo tukasikia filimbi, na watani wakatokea migombani. Mbele alikuwa bibi mfupi, amevaa koti la kiume lililogeuzwa ndani nje, miwani ya waya bila vioo, na kwapani amebana gome la mgomba. Shangazi alinigusa kiwiko. "Ndiye yuleyule," alisema.

Bibi alitembea mikono nyuma, kidevu juu, kama Mzee kabisa. Hata kile kikohozi kidogo kabla ya kuzungumza alikuwa nacho, baada ya miaka yote hiyo. Akafungua gome akasoma.

"Ndugu wananchi! Ni marufuku kufa wakati wa palizi! Ukiona roho inatoka, iambie ikae kitako, isubiri kiangazi!"

Watani wakaitikia, "Isubiri!"

"Na huyu amekufa lini?"

"Masika!"

"Mahindi yako wapi?"

"Magotini!"

"Msaliti huyu! Kavunja sheria yake mwenyewe!"

Watu walicheka. Binti yake Mzee alicheka na kulia kwa pamoja, na Shangazi alikuwa ameshika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa na karatasi ya hotuba mfukoni na mkono wangu ulikuwa juu yake.

Bibi aliliendea kaburi, akajishusha taratibu, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. "Haingii mtu humu," alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya kuigiza sana. "Nilimtania, akanisukuma. Mtani wangu. Nimekaa nikimngoja aje anicheke na mimi, hakuja. Nimekuwa mzee namngoja. Leo nataka anijibu. Kama hawezi, anijibie mtu wake. Ana mtu?"

Niliona macho ya binti yake Mzee yananitafuta, na bibi akayafuata mpaka kwangu.

"Ooh!" alisema. "Tazameni. Mmemzaa mwingine! Miwani hii hapa. Shingo hii hapa. Na mkono umeshika nini mfukoni, mume wangu? Hotuba? Itoe tuone kama ina palizi." Akauweka mkono wake kifuani mwa lile koti, akakunja mabega, akavuta mdomo ndani, na nilijiona pale, ukingoni mwa kaburi, nikiwa na umri wa miaka themanini.

Joto lilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni. Nalijua joto hilo. Nilijua pia kwamba ndilo lililompanda Mzee akiwa amesimama hatua chache kutoka hapo, na kwamba alipewa muda mfupi kama niliopewa mimi, na katika muda huo akachagua maisha yake yote. Nilitaka kuondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka. Nilikuwa tayari na maneno, mazuri kabisa, kuhusu heshima kwa marehemu.

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Sikukipanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba ya nini, mimi niko kaburini?"

"Basi toka, bibi. Udongo mbichi huo, utapata mafua ya makalio."

Kwa nukta moja nilikufa. Halafu watani wakalipuka. Mmoja alilala kabisa kwenye majani. Katekista aligeuka upande wa mfenesi, mabega yakimtikisika. Bibi alinitazama, mdomo wazi, jino moja la mbele halipo, na akacheka kicheko kirefu kilichoishia karibu na kilio.

"Huyu anajibu," aliwaambia wenzake. "Yule hakujibu, lakini huyu anajibu." Akaninyooshea mkono. "Nivute basi, mume wangu, kabla sijapata hayo mafua."

Nikamvuta. Alikuwa mwepesi, na kiganja chake kilikuwa kigumu. Aliposimama hakuniachia mara moja. Alijishikilia, akavua miwani ya waya, akaitupa ndani ya kaburi, na gome la mgomba likafuata. Wakamshusha Mzee juu ya vitu hivyo.

Hotuba sikuisoma. Nilisema tu kwamba alikuwa rafiki yangu, kwamba nilimchapia maandishi yake, na kwamba alikuwa ananirudisha dukani kutoka getini kwake kwa sababu ya mkato mmoja. Wachache waliokuwapo walicheka kidogo. Haikuwa hotuba nzuri. Mpaka sasa najua namna tatu za kuiboresha.

Nimerudi Mwembesongo, na sitasema kwamba nimebadilika, kwa sababu asubuhi bado napanga salamu kabla ya kufungua mlango. Jumamosi ndizo ngumu. Saa ya baraza ikifika mikono yangu huanza kukusanya vitabu vya kurudisha. Nyumba ile ina kufuli. Nimejaribu kumchukia, na nimejaribu kumsamehe, na vyote viwili navifanya kwa sentensi alizonifundisha yeye. Makala yake ninayo bado. Nimeisoma tena. Kuhusu njaa alisema kweli; nimewaona wale watu walioinama mahindini. Sijui nifanye nini na jambo la kweli lililosemwa na mtu aliyekuwa anakimbia.

Wiki iliyopita turubai lilifungwa mtaa wa nyuma ya duka. Amekufa mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi. Nilikuwa nayanunua na sikuwahi kumuuliza jina. Nilimaliza kazi ya mteja, nikairudia, nikairudia tena, kopi ileile. Halafu nikazima mashine, nikafunga.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wananong'ona. Nilisahau nilichopanga. Mzee mmoja wa mtaa, fundi cherehani, aliniona nimesimama pale pembeni.

"Eeh! Steshenari!" aliita, na vichwa vyote vikageuka. "Umeme umekatika kwako au umepotea njia?"

Joto likapanda, lilelile.

"Umeme upo," nilisema. "Nimeishiwa wino."

Halikuwa jibu zuri. Fundi alicheka nusu, kama mtu anayepokea chenji pungufu na kuiacha, kisha akampiga jirani yake kwenye paja. Benchi zima likasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwishoni pakapatikana nafasi ndogo, ya mtu mmoja.